Sakulenti ya umbo la waridi: angalia mwanga kwanza, maji baadae

Kama unayo ile sakulenti, yaani mmea unaotunza maji kwenye majani yake manene, na majani hayo yamejipanga duara kama waridi lililochanua, mara nyingi hiyo ni echeveria. Na watu wengi wakiona imeanza kuharibika swali la kwanza ni lilelile, niimwagilie mara ngapi kwa wiki? Mi naomba tuanze na lingine, umeiweka wapi? Maana maji yaleyale, kipimo kilekile, dirishani penye jua yanakauka baada ya siku chache na mmea unanawiri, ila kwenye meza ya kona yenye kagiza yanakaa kwenye udongo hata wiki mbili na mizizi inaoza. Watu wanasema imekufa kwa maji mengi kumbe ilianza kufa kwa kukosa mwanga.

Asili yake ni Meksiko na kushuka hadi Amerika ya Kusini, na nyingi huota milimani kwenye miamba, yaani jua lipo la kutosha na mvua ikinyesha maji yanapita tu yanaenda zake. Hata namna inavyopumua ni tofauti na mimea mingi. Vile vitundu vidogo vya kwenye majani inavifungua usiku kukiwa na ubaridi ili isipoteze maji, inavuta hewa ya kaboni dayoksaidi inaitunza, alafu mchana jua likiwaka ndio inaitumia kutengeneza chakula. Kwahiyo bila mwanga chakula hakitengenezwi ipasavyo, maji nayo haitumii sana, ndo hapo udongo unabaki na unyevu siku zote.

Ipe jua la moja kwa moja masaa matano au sita kwa siku, la asubuhi ndio zuri zaidi. Mwanga ukiwa mdogo utaona tu, inaanza kurefuka shingo, majani yanaachana nafasi na kuinama kuelekea chini, ile rangi ya pinki au zambarau ya kwenye kingo inapotea inabaki kijani tupu. Shingo ikisharefuka hairudi kuwa fupi, hata uipeleke kwenye jua kali kiasi gani. Na hapa ndio watu wengi wanakosea, wanaona imerefuka wanaitoa ndani wanaiweka nje saa sita mchana siku hiyohiyo, kesho yake majani yana mabaka ya kahawia ya kuungua na hayo mabaka hayaponi mpaka jani lenyewe lizeeke lidondoke. Izoeshe taratibu, anza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu kwa siku, uongeze kidogokidogo kwa wiki mbili hivi. Chungu nacho uwe unakigeuza kila wiki, la sivyo kichwa kizima kinalala upande wa dirisha.

Sasa maji. Usifuate kalenda, fuata chungu na majani. Siku umemwagilia kinyanyue chungu usikie uzito wake, ukirudi baada ya siku kadhaa kinyanyue tena, kikiwa chepesi kabisa udongo umekauka mpaka chini. Alafu shika jani moja la chini, upande wa mgongo, ulibonyeze taratibu. Likiwa gumu limejaa, subiri. Likiwa limelegea kidogo na lina vikunyanzi vidogovidogo, mpe maji, na umpe ya kutosha mpaka yatoke kwa chini, baada ya hapo mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ule mtindo wa vijiko viwili kila siku au kupulizia na chupa ya spirei siushauri kabisa, unalowesha juu tu, mizizi ya chini inakufa kiu na huku juu kuna unyevu wa kuleta fangasi. Mwagia kwenye udongo, sio katikati ya waridi, maana maji yakituama pale kwenye kitovu kinaweza kuoza. Yakiingia kwa bahati mbaya nyonya na ncha ya tishu.

Kuna kitu naomba ukishike vizuri kwasababu kimeniulia mmea wangu wa kwanza. Jani laini linaweza kuwa na kiu, na linaweza kuwa limezidiwa maji, na tiba zake zinapingana. Jani lenye kiu limesinyaa lina mikunjo ila bado limeshikilia shina. Jani lililozidiwa maji linakuwa la njano linapitisha mwanga, ukiligusa ni kama limechemshwa, na linadondoka kwa kuguswa tu. Mi niliona laini nikaongeza maji, basi, shina likawa jeusi kwa chini. Ukiona hiyo ya pili acha kumwagilia, ng'oa uangalie mizizi, kata sehemu yote nyeusi mpaka ufike panapoonekana pazima. Ila majani mawili matatu ya chini kabisa kukauka kama karatasi ni uzee tu, yatoe, wadudu wanapenda kujificha humo.

Chungu lazima kiwe na tundu, hapo sina mjadala. Cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki maana kinakausha haraka, na kisizidi upana wa mmea kwa zaidi ya sentimita mbili tatu, kikubwa sana kinabaki na unyevu ambao mizizi haiufikii. Udongo changanya nusu kwa nusu, udongo wa kawaida wa kupandia na kitu cha punjepunje kama perlaiti au pamisi, yaani vijiwe vyepesi vya volkano, au changarawe ndogo. Mchanga laini hapana, unashikana. Na kuhusu kuweka mawe chini ya chungu ili maji yatoke, haisaidii, maji yanasimama pale udongo unapokutana na mawe na unyevu unasogea karibu zaidi na mizizi.

Ule unga mweupe juu ya majani usiufute. Sio vumbi, ni nta inayoukinga mmea na jua na inasaidia kutunza maji, ukishaweka alama ya kidole inabaki hapohapo kwenye jani. Ila ukiona vijidudu vyeupe kama vipande vya pamba vimejibana kwenye maungio ya majani, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, gusa kimoja kimoja, urudie kila wiki mpaka viishe, na huo mmea utenge na mingine.

Na ile iliyokwisha kurefuka shingo usiitupe. Chukua kisu kikali ulichokisafisha, kata kichwa ukiacha shina la sentimita tatu hivi, kilaze mahali pakavu penye kivuli siku tatu mpaka wiki ili kidonda kikauke, ndio ukiweke juu ya udongo mkavu. Usimwagilie mpaka uone mizizi. Majani yaliyobaki kwenye shingo yanyofoe kwa kuyayumbisha kushoto na kulia mpaka yaachie yenyewe, kila jani lazima litoke na kile kikonyo chake chote, yaani kitako kinachoshikana na shina, likikatika katikati halioti kitu. Yalaze tu juu ya udongo, usiyafukie. Baada ya wiki kadhaa unaona vijizizi vya pinki vyembamba kama uzi, alafu kawaridi kadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Jani mama linasinyaa polepole huku likimlisha mtoto, liache mpaka likauke lenyewe. Kile kisiki nacho kiache kwenye chungu chake uendelee kukipa maji kidogo sana, changu kilikaa kimya zaidi ya mwezi, kikaja kutoa vichwa vinne pembeni.