Video zimepotea kwenye memori kadi? Zuia mkono kwanza

Kijana akiingia dukani kwangu hapa Mwanjelwa na kamera begani, uso umemshuka, huwa nimeshajua kilichomleta kabla hajavuta kiti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeshaifomati?"

Ndilo swali langu la kwanza, maana jibu lake ndilo linaloniambia kama tunamaliza leo au tunakesha. Sendofu, harusi, kipaimara, msiba: huku Mbeya ndizo kazi zinazotulisha, na hakuna hata moja unayoweza kuwaambia wenye shughuli wairudie kesho ili upige upya.

Nikuambie ukweli wa kazi hii. Video nyingi ninazoshindwa kuzirudisha hazikupotezwa na kadi. Zimepotezwa na mwenye kadi, katika ile saa ya kwanza ya kuchanganyikiwa. Anaendelea kurekodi juu yake ili shughuli isisimame. Kompyuta inamwomba afomati, anakubali. Anapakua programu hii na ile na kuziacha zihifadhi mafaili humohumo kwenye kadi inayookolewa. Kwa hiyo ukigundua kitu hakipo, zima kamera, toa kadi, weka nyingine. Kadi kubwa ya SD ina kiswichi kidogo cha kufunga ubavuni, upande wa kushoto, kishushe. Microsd haina, lakini ukiitia kwenye adapta yake utakikuta hapo. Ujue tu kwamba kile kiswichi hakifungi kitu ndani ya kadi. Kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta, ndiyo inayokitazama na kuamua kutii, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Sababu ya haraka hii ni namna kadi inavyofuta. Ukifuta klipu, kamera haihangaiki kuondoa picha zenyewe. Kwenye kadi za hadi GB 32, ambazo kwa kawaida hutumia mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, herufi ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa na nafasi yake hutangazwa kuwa wazi. Kadi kubwa kuliko hapo hutumia exFAT, na mambo ni yaleyale. Ni kama mtendaji wa kijiji kukukata jina kwenye daftari la mashamba: viazi vyako bado viko ardhini, mpaka aliyegawiwa shamba aje na jembe. Hata kufomati ndani ya kamera, mara nyingi, ni kuanza orodha mpya tu. Ila angalia mambo mawili. Kwenye menyu ya kamera za Canon kuna chaguo la Low Level Format, na hilo si la mchezo. Na Windows, tangu Vista, ukiondoa tiki ya Quick Format, inaandika sifuri kadi nzima. Ukifika hapo, pole, usimpe mtu hela yako.

Kabla ya yote, hakikisha kweli zimepotea. Wengi hufungua folda ya DCIM, hawaoni video, wanaanza kulia. Kamera za Sony huweka video za aina ya XAVC S ndani ya folda ya PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Zile za aina ya AVCHD zimo kwenye PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM, na mwisho wa jina ni MTS. Halafu kuna ugonjwa wa stesheneri: umechomeka kadi kwenye kompyuta ya kutolea fotokopi, ukirudi unaona folda zote zimegeuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato. Hizo video zipo. Kirusi kimezificha tu. Usibofye shotikati hata moja; nenda kwenye View, washa Hidden items (zisipoonekana, ingia Options uondoe tiki ya Hide protected operating system files), nakili folda halisi uzitoe nje.

Kama hazipo kweli, hatua inayofuata ndiyo watu wanairuka, nami siiruki hata mteja akiwa amesimama anaangalia saa: tengeneza nakala ya kadi nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, iwe faili moja kwenye kompyuta. Kisha kadi yenyewe iweke kwenye bahasha. Kila utakachojaribu, jaribu kwenye nakala. Kadi ya GB 64 inataka nafasi ya GB 64 kwenye diski, hata kama ilikuwa na klipu tatu tu. Kwa kadi rida ya zamani inayosoma kama MB 20 kwa sekunde, kaa mkao wa kusubiri karibu saa nzima.

Kwenye Windows mimi hutumia Win32 Disk Imager. Chagua herufi ya kadi, andika jina la faili, mfano kadi.img, uliweke kwenye diski ya kompyuta, kisha bonyeza Read. Soma vizuri: Read. Pembeni yake kuna Write, nayo inafanya kinyume, inamimina faili juu ya kadi. Ndiyo maana kiswichi tulikishusha mapema.

Kadi ikiwa inagoma, mara inaonekana mara inapotea, Windows itakuchosha bure. Hapo washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, ambayo ni Linux, uwe na bando kidogo la kupakulia ddrescue, programu ya kunakili kadi inayogoma, kisha andika hizi kwenye Terminal:

sudo apt install gddrescue
lsblk
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kadi.img kadi.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Ile lsblk inakuonyesha diski zote na ukubwa wake. Tafuta yenye ukubwa wa kadi yako, maana si lazima iwe sdb. Na kabla ya zile mbili za mwisho, ingia kwenye diski ya nje ili nakala iangukie huko. Amri ya tatu inakusanya yote yanayosomeka kirahisi bila kung'ang'ania sehemu mbovu, ya nne ndiyo inarudi kung'ang'ana. Ninachoipendea ni lile faili la kadi.map, linalotunza kumbukumbu ya kazi ilipofika. Umeme wetu unaujua. Ukikatika katikati ya kazi, ukirudi unaandika amri ileile, nayo inaendelea ilipoishia.

Nakala ikishakamilika, kazi iliyobaki haina presha. Kama ulifuta tu, anza na programu ya TestDisk, kwa kuwa inaweza kurudisha faili na jina lake. Ikishindikana, au kadi ilifomatiwa, nenda PhotoRec, ambayo inakuja pamoja nayo. Zote ni za bure, zimeandikwa na Christophe Grenier, na hazina ule ujanja wa kukuonyesha video zako zote halafu kukudai dola ndipo uzihifadhi. Fungua qphotorec, ambayo ni PhotoRec ya kubofya kwa mausi, ongeza faili la kadi.img, chagua diski nzima, chagua kusoma kila sehemu badala ya nafasi iliyo wazi tu. Kwenye aina za mafaili ondoa zote, kisha weka tiki kwenye mov. Hiyo inabeba na mp4. Ukiacha zote utajikuta unachambua takataka mpaka jogoo awike.

PhotoRec haijali orodha ya mafaili. Inapita kadi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili, kwa hiyo majina hayarudi. Utapata folda iitwayo recup_dir.1 imejaa vitu kama f1843200.mp4. Usikate tamaa: hiyo namba ni mahali faili lilipoanzia kwenye kadi. Kama kadi ilikuwa tupu asubuhi ya shughuli, ukipanga kwa jina, mara nyingi bibi harusi anaingia ukumbini kabla ya keki kukatwa, kama ilivyokuwa.

Klipu ndefu zinaweza kurudi zimechanganyika, dakika mbili nzuri kisha rangi za ajabu. Hiyo hutokea faili lilipoandikwa vipandevipande. GoPro zinasumbua zaidi hapa, kwa sababu zinaandika video kubwa na nakala yake ndogo ya ubora wa chini, LRV, kwa wakati mmoja, zikipishana kwenye kadi.

Sasa kesi ninayoipenda kuliko zote: faili lipo, lina GB 3, lakini halifunguki popote. Hiyo ni betri iliyokata wakati kamera inarekodi. Faili la MP4 lina sehemu mbili za maana: mdat, zilipo picha na sauti, na moov, inayoeleza kila picha iko wapi. Kamera nyingi huandika moov mwishoni, ukishabonyeza kusimamisha. Betri ikifa kabla, picha zote zipo ila hazina maelekezo. Baridi inachangia, betri za lithiamu hutoa umeme kidogo kukiwa na baridi, na anayepiga maua ya Kitulo alfajiri, juu ya mita 2,600, ataona betri yake inashuka upesi.

Nililetewa kipaimara cha Tukuyu cha namna hiyo, ibada nzima imekwama kwenye faili moja. Nikamuuliza mpiga picha, "Una klipu nyingine ya kamera hii hii, mpangilio huu huu?" Alikuwa nayo, watoto wakishuka kwenye gari. Hiyo ndiyo dawa. Programu ya untrunc inasoma klipu nzima ili ijue kamera hiyo inavyopanga mambo yake, kisha inaitengenezea ile mbovu moov mpya:

untrunc nzima.mp4 mbovu.mp4

Lazima zilingane: kamera ileile, ukubwa wa picha uleule, fremu zilezile kwa sekunde. Kama huna klipu ya mfano, rekodi dakika moja kwa kadi nyingine, lakini usiguse mpangilio wa kamera kwanza. Kuna kamera zinazojirekebishia zenyewe faili la namna hii ukirudisha kadi na kuiwasha na betri iliyojaa. GoPro hufanya hivyo. Jaribu, ila baada ya kutengeneza nakala, kwa sababu kamera inaandika.

Zipo ambazo simchukulii mtu hela. Microsd iliyovunjika haiungwi na gundi. Kadi ya simu ya Android iliyofanywa sehemu ya hifadhi ya ndani, jambo lililoanza na toleo la 6.0, imefungwa kwa ufunguo uliomo kwenye simu ileile. Simu ikishafutwa, kadi inabaki kelele tupu. Na kadi feki. Juu imeandikwa GB 128, ndani ni GB 8. Inapokea kila kitu kwa heshima zote, ila kilichozidi GB 8 hakikuwahi kukaa popote, au kimekaliwa juu ya cha mwanzo. Hakuna programu ya kurudisha kisichoandikwa.

Kwa hiyo kadi mpya ipime kabla ya kuipeleka kazini. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux f3write kisha f3read. Inaijaza kadi yote, kisha inaisoma yote, na inakwambia GB ngapi ni za kweli. Inachukua muda, basi ifanye Jumatano, si Jumamosi mchana MC akiwa ameshaanza kupima maiki.