Trei za nyuzi zinatoka na uso mbaya? Anzia kwenye tenki, sio kwenye presi

Wengi wanaotengeneza vifungashio vya nyuzi za mimea, iwe ni trei, bakuli au zile za kushikilia kifaa ndani ya boksi, wakiona uso una mabaka na vinundu wanakimbilia presi, wanapandisha joto, wanaongeza mgandamizo, halafu wanasubiri maajabu. Inasaidia kidogo, tatizo linarudi. Presi inapiga pasi tu kile ilicholetewa na wavu, yaani ule unaofunika moldi yenye matundu, vakyumu inavuta maji kupitia matundu hayo na nyuzi zinabaki juu ya wavu. Na wavu nao unabeba kile kilichoko kwenye tenki, yaani rojo, ule mchanganyiko wa maji na nyuzi, kwa hiyo donge likishaingia presi italilaza liwe baka gumu linalong'aa kuliko sehemu zingine na basi.

Sasa kabla hujagusa setingi yoyote isome kwanza hiyo kasoro. Zima taa za juu, washa tochi uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juujuu ya trei, hapo kila kinundu kitatoa kivuli na utaona mambo ambayo taa ya kawaida inayaficha. Kisha inua trei hiyohiyo uangalie taa kupitia kwenye ukuta wake, ukiona mawingumawingu, huku nzito kule nyepesi, ujue nyuzi hazikutawanyika vizuri. Halafu jiulize, kasoro inatokea palepale kila trei au inahamahama? Ya palepale ni ya moldi au wavu. Inayohamahama ni ya rojo, povu au uchafu. Mimi naona hilo swali moja linaokoa muda kuliko vipimo vingi vya bei mbaya.

Tuje kwenye rojo yenyewe, na hapa ndo pa kukaa. Kwa moldi ya vakyumu rojo inatakiwa iwe nyepesi sana, kama asilimia 0.5 mpaka 1, yaani kwenye kila kilo 100 za rojo nyuzi kavu ni nusu kilo hadi kilo moja tu, zilizobaki zote ni maji. Watu wanaitia nzito ili trei ipate unene haraka, nyuzi zinashikana madonge kabla hata hazijafika kwenye wavu, halafu wanashangaa. Urefu wa nyuzi nao una maneno yake, nyuzi za miti ya jamii ya misonobari zinafika kama milimita 3, za makapi ya miwa na miti migumu ziko kwenye milimita 1 na kidogo. Ndefu zinaleta uimara ila zinapenda kushikana, fupi zinajaza mianya na uso unatulia. Kwa hiyo kama trei yako ni imara kupita inavyohitajika na uso ni mbovu, punguza ndefu ongeza fupi, ndio njia rahisi kuliko zote.

Kusaga nyuzi kunasaidia pia, kunazilainisha na kuzitoa vinyweleo vya kushikana zenyewe kwa zenyewe, uso unafunga vizuri, ila ukizidisha maji yanagoma kutoka, trei inaingia presi ikiwa imelowa na unakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Saga kidogokidogo huku unapima sampuli ya rojo inachuja kwa kasi gani. Kama unatumia karatasi zilizotumika chuja vizuri, maana mabaki ya gundi na teipu yanalainika kwenye joto, yananata kwenye moldi ya presi na kung'oa ngozi ya trei inayofuata na ya baada yake.

Povu watu wanalidharau sana. Vile vitundu vidogo kama vimechomwa na pini mara nyingi ni mapovu ya hewa yaliyokaa kwenye wavu wakati nyuzi zinatua. Angalia bomba la maji yanayorudi, kama linamwaga kutoka juu kwa kishindo lishushe mdomo wake uwe chini ya usawa wa maji, na kagua pampu kama inavuta hewa kwenye maungio. Dawa ya kuua povu iwe ya mwisho na kidogo tu. Na kingine, kama unaweka unga wa chokaa (kalsiamu kaboneti) kujaza uso halafu rojo yako ni ya asidi kwa sababu ya alumu (chumvi ya alumini inayowekwa pamoja na dawa ya kuzuia maji ya rozini, yaani utomvu wa misonobari), chokaa inaozeshwa na asidi na kutoa gesi, yaani unatengeneza povu mwenyewe kwa pesa yako. Chokaa inaenda na rojo isiyo na asidi, pamoja na dawa za kuzuia maji za aina ya AKD, sio zile za rozini na alumu.

Wavu sasa. Zinazotumika sana ni za nyaya 40 hadi 60 kwa inchi. Wa matundu madogo unaacha alama ndogo ila unaziba haraka. Kama kwenye trei unaona duru zilizojipanga kama matundu ya moldi, maana yake wavu unabonyea kwenye yale matundu, weka wavu mwingine wa nyaya nene chini yake uubebe. Osha kwa maji ya presha ukipigia kutoka upande wa nyuma, ukipigia mbele unazidi kushindilia nyuzi ndani. Sehemu iliyoziba haivuti maji, nyuzi hazikai, unapata trei nyembamba palepale kila siku. Moldi ikiwa ya alumini usiioshe kwa soda kali (kostiki), inaila.

Halafu kuna uamuzi ambao inabidi ufanywe siku ya kuchora moldi: uso gani mteja atauona? Upande uliogusa wavu utakuwa na alama yake, kwa hiyo mpe mteja upande unaoguswa na chuma laini kwenye presi. Ukikosea hapo hakuna joto litakalokuokoa.

Presi ya moto yenyewe ikiwa kati ya nyuzi joto 160 na 200 za Selsiasi inatosha kwa kazi nyingi. Ukiona malengelenge au tabaka zinaachana usilaumu joto peke yake, mara nyingi trei imeingia na maji mengi, mvuke hauna pa kutokea na ukifungua presi unapasua ukuta. Boresha vakyumu au kamua kwanza kwa presi baridi, halafu kwenye presi ya moto funga taratibu, achia kidogo mvuke upumue, ndo ukandamize kwa nguvu zote. Vitundu vya mvuke vikiziba utarudi kulekule. Moldi zing'arishwe na ukitoa uchafu tumia kitu laini kuliko chuma chake, msasa hapana, kila mkwaruzo utauchapa kwenye kila trei.

Wanaokaushia kwenye oveni bila presi uso wao utabaki na ukakasi na kupindapinda, ila wanaweza kunyunyiza ukungu mwepesi wa maji kwenye trei kavu na kuipitisha kwenye presi ya moto kwa muda mfupi, nyuzi zikipata unyevu kidogo zinakubali kulala.

Badili kitu kimoja kwa wakati, andika tarehe kwenye trei yenyewe na uitunze. Na kama utachapa nembo, jaribu wino mapema, maana wino wa maji unalowesha nyuzi za juu zinasimama tena, trei iliyokuwa laini mkononi inakuwa na vinyweleo baada ya kuchapwa, hapo ongeza wanga kidogo kwenye rojo au badili wino.