Unataka kuandika habari za afya, lishe na mazingira? Anza na gunia la mahindi

Anayeanza kazi hii achague mada moja aijue mpaka kwenye punje. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka (aflatoksini), inafaa sana: huanzia shambani kwenye joto na ukame, ikapita ghalani na jikoni, ikaishia kwenye ini la mlaji. Na inaua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, wakafa 125.

Unapompelekea mhariri wazo, sentensi tano zinatosha: swali lako, linamgusa nani, utaongea na nani, utapiga picha gani, utakabidhi lini. "Sumukuvu" peke yake ni mada tu. "Kwa nini mahindi yanaingia ghalani kabla hayajakauka?" hilo mhariri atalisoma.

Kwenye namba ndipo wengi wanapoanguka. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1. Ukiandika miligramu umezidisha mara 1,000. Maabara nyingi huandika ppb, yaani sehemu kwa bilioni. Kwa chakula kikavu kama mahindi ni kitu kilekile na mikrogramu kwa kilo. Uliza pia sampuli ilichotwaje. Sumu hii haikai sawasawa guniani: punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na kopo moja lililochotwa juu likatoka safi wakati chini kuna balaa. Kwa hiyo, kabla hujaandika "yamepimwa, ni salama", jua walichota magunia mangapi, na sehemu ngapi za kila gunia.

Halafu angalia vitenzi. Sumukuvu *inasababisha* saratani ya ini; hilo limethibitika. Udumavu wa watoto *unahusishwa* nayo, kwa sababu nyumba zenye mahindi mabovu mara nyingi ndizo zenye kuhara na chakula haba, na ni vigumu kutenganisha kipi kimefanya nini. Kichwa cha habari kikisema "sumukuvu yadumaza watoto", mwombe mhariri akibadilishe. Usinyamaze kwa kuwa ni mgeni hapo.

Mpe msomaji jambo la kufanya, ila lijaribu mwenyewe kwanza. Mfano, kipimo cha chumvi: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko 2 au 3 vya chakula vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi iking'ang'ania kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Hapa waandishi huishia, na ni hatari, maana unyevu wa juu unaokubalika ni asilimia 13.5. Kioo kikibaki kisafi, mahindi bado yanaweza kuwa na 14.5. Andika hivyo, na uongeze kwamba kupika ugali hakuiondoi sumu, na kwamba punje isiyo na ukungu wa kuonekana nayo huweza kuwa na sumu.

Kabla ya kukabidhi, chapa makala, zungushia kila namba, andika pembeni ilikotoka: ukurasa gani, mahojiano ya tarehe gani. Isiyo na chanzo ifute. Msomee mtaalamu aya za kitaalamu kwa simu asahihishe ukweli, lakini usimtumie makala nzima. Ukimtumia, atarudisha taarifa ya ofisi yake.

Karatasi hizo ziweke kwenye faili moja pamoja na namba za afisa ugani, mtu wa maabara na mwenye mashine ya kusaga. Wapigie tena mavuno yakikaribia.