Jaribio la bayureti kwa kutumia urea

Urea, ile ya mbolea, ni amaidi (kampaundi ambayo kaboni yake yenye oksijeni imeungana na nitrojeni) inayofaa kuanzia. Weka gramu 0.5 kwenye neli kavu ya majaribio, upashe kwa moto mdogo. Itayeyuka karibu na nyuzi 133 za Selsiasi, itoe amonia (litmasi nyekundu iliyoloweshwa hugeuka bluu), kisha igande tena: hapo una bayureti, kampaundi inayotokana na molekuli mbili za urea kuungana. Usiiunguze, moto mkali huipeleka hadi asidi ya sayanuriki, kampaundi nyingine. Ikipoa, yeyusha kwa mililita 3 za maji ya uvuguvugu, ongeza mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi kiasi hichohicho, ndipo udondoshe mmumunyo wa mrututu (kopa salfeti) wa asilimia 1, tone moja moja. Rangi ya zambarau ndiyo dalili ya bayureti. Wengi huharibia hapa: mrututu ukizidi, bluu huifunika zambarau. Asetamaidi, amaidi nyingine, haitoi zambarau. Ina kundi moja tu la amaidi, na zambarau huhitaji angalau mawili. Vaa miwani.