Kupasua Ubeti: Mizani Kwanza, Istilahi Baadaye

Swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya), ile ya Fasihi, huwatisha wanafunzi kwa wingi wa istilahi. Nyingi hujifichua zenyewe ukishahesabu silabi sawasawa, kwa hiyo anza hapo kabla hujagusa dhamira. Huu hapa ubeti uliotungwa kwa ajili ya zoezi:

Nairobi kumekucha, matatu zakimbizana,
Manyunyu hayajaacha, mitaro yajaa sana,
Mkoba nimeuficha, kifuani naubana.

Kila mstari ni mshororo. Mkato wa katikati unaugawa vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao.

Mizani ni idadi ya silabi. Chukua penseli, ukate kila silabi: Na/i/ro/bi/ku/me/ku/cha. Nane. Mtaani jina la jiji hutamkwa upesi hadi "Nai" ikawa pigo moja; kwenye mizani ni mawili. Vokali mbili zilizofuatana huhesabiwa kila moja, ndiyo maana "yajaa" ni ya/ja/a.

Mshororo wa tatu ndio mtego. Anayekata mko/ba hupata saba na kuandika kwamba mizani imepungua. Hapana: m/ko/ba/ni/me/u/fi/cha. M ya "mkoba" ni kiambishi cha ngeli na hutamkwa peke yake. Linganisha na "zakimbizana": pale mb ni sauti moja, basi za/ki/mbi/za/na. Ukiwa na shaka, tamka neno polepole huku ukigonga dawati kwa kidole. Lakini maneno mafupi kama nchi na mbu yana silabi mbili: n/chi, m/bu.

Vina ni silabi za mwisho wa vipande zinazofanana sauti. Hapa cha kati ni -cha, cha mwisho ni -na. Usiandike "-a": kina ni silabi, si vokali tupu, na kwa kosa hilo dogo alama hupotea bure.

Sasa bahari, yaani aina ya shairi kwa umbo lake. Ubeti huu ni tathlitha kwa sababu una mishororo mitatu. Ungekuwa na minne ungeitwa tarbia, mitano takhmisa. Kwa vipande ni mathnawi, kwani kila mshororo una viwili. Majina hayo hayagombani: shairi moja hubeba kadhaa, kila moja kwa kigezo chake, nawe taja kigezo hicho katika jibu. Bahari za vina zinahitaji beti zaidi ya moja. Vina vya kati na vya mwisho visipobadilika shairi zima, ni mtiririko. Vya mwisho vikishikilia ilhali vya kati vinabadilika, ni ukara. Vyote vikibadilika ubeti kwa ubeti, ni ukaraguni. Wengi husoma ubeti wa kwanza tu wakakimbilia "mtiririko". Shuka mpaka ubeti wa mwisho.

Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti ni kibwagizo. Ukibadilika ni kimalizio.

Uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, hutahiniwa mara nyingi, na jibu lake lina sehemu tatu: jina, mfano kutoka shairini, sababu. Inkisari hufupisha neno: "alonipenda" badala ya "aliyenipenda", silabi sita zikawa tano, ili kutosheleza mizani. Mazda hurefusha: "enda" ikawa "enenda". Tabdila hubadilisha umbo bila kugusa idadi ya silabi: "kujua" ikawa "kujuwa". Kuboronga sarufi ni kupindua mpangilio: "changu kitabu".

Ukiulizwa nafsineni, usijibu "mshairi". Nafsineni ni anayesema ndani ya shairi. Hapa ni msafiri wa asubuhi, na ushahidi ni "nimeuficha" na "naubana".

Ukiambiwa uandike ubeti kwa lugha nathari, vunja mishororo kabisa, uandike aya: Kumekucha jijini Nairobi na matatu zinakimbizana. Manyunyu bado hayajakatika na mitaro imejaa maji. Nimeuficha mkoba wangu, nimeubana kifuani.