Somo: Kutoka na boti ndogo kwa matembezi Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma mjini

Somo hili ni la wanachama wenye boti ya mbao au faiba ya futi 15 hadi 20, yenye injini ya kupachika nyuma, wanaotaka kwenda kuogelea, kuvua kwa ndoano au kufika Hifadhi ya Gombe na kurudi siku hiyohiyo. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, na hata karibu na ufuko wa mawe chini huporomoka ghafla, kwa hiyo mara nyingi nanga haigusi kitu. Injini ikizima, upepo ndio nahodha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika boti ikiwa bado ufukweni.

1. Upepo kwanza, abiria baadaye. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hukaza. Ndani ya ghuba ya Kigoma rasi ya Bangwe inakukinga, maji yametulia kabisa, kisha unapita ncha ya rasi na kukutana na mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana harakaharaka. Usiamue kwa kutazama maji ya bandarini. Panda mahali unapoliona ziwa la nje. Ukiona mawimbi yanavunjika na kutoa povu jeupe, ahirisha. Soma pia utabiri wa maziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Ondoka saa 12 au saa 1 asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa 7 mchana, kwani nchi kavu ikishapata joto upepo hutoka ziwani na kukusukuma kwenye mawe. Miezi ya mvua, hatari ni wingu jeusi na radi: ukisikia ngurumo, elekea ufuko wa mchanga ulio karibu, si nyumbani.

2. Uzito. Kanuni inayotumika Marekani kwa boti za chini ya futi 20 ni urefu mara upana kwa futi, gawa kwa 15. Futi 18 mara 5 ni 90; gawa kwa 15, watu 6, kila mmoja wa kilo 68 hivi, tena maji yakiwa shwari. Mizigo huhesabiwa pia: lita 60 za petroli ni kama kilo 44. Wote wakishakaa, pima kutoka kwenye maji hadi ukingo wa boti sehemu iliyo chini zaidi. Ikipungua sentimita 30, mtu ashuke. Hapa hakuna kuoneana haya, hata kama ni mgeni wa heshima.

3. Injini. Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Kwa injini nyingi za mchanganyiko, yaani zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, uwiano ni 50 kwa 1: lita 25 za petroli kwa mililita 500 za oili ya injini za boti (fuata kitabu cha injini yako kikisema vingine). Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na injini huanza kukohoa. Chuja petroli, maana maji kidogo ndani ya dumu yanatosha kuizima.

Fungua skrubu ya hewa kwenye kizibo cha tangi. Ikisahaulika, injini huwaka vizuri, kisha baada ya dakika chache hufa na balbu ya kupampia mafuta hubonyea bila kurudi. Watu hufungua kabureta bure wakati dawa ni kuzungusha skrubu ile.

Injini ikiwaka, tazama maji yanayochirizika nyuma yake. Yasipotoka, zima mara moja: mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mchanga kwenye tundu la kuvutia maji. Kaza skrubu mbili za kushikia injini, na uifunge injini kwenye boti kwa mnyororo. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au mguuni kwa nahodha muda wote. Asipoifunga akaanguka, boti inaweza kuzunguka na kumrudia na propela.

Beba plagi mbili, spana yake, pini za propela, koleo, kisu, tochi, makasia mawili na kopo la kufulia maji (kuyachota yanayoingia botini) lililofungwa kwa kamba.

Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, akiba. Gombe iko takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji. Injini ya nguvu farasi (hp) 15 ikila lita 7 kwa saa na boti ikienda kilomita 12 kwa saa, kwenda tu ni kama lita 10. Beba 30.

4. Majaketi ya kuokolea maisha. Yavaliwe, yasikaliwe. Kwa ziwa la wazi chagua la nyutoni 100 (kipimo cha nguvu ya kuelea) au zaidi. Mvalishe mtu, funga kamba zote, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

5. Injini ikizima nje. Kabla ya kushika spana, funga ndoo kwenye kamba ya mita 10 hadi 15 na uitupe kutoka omo, yaani mbele ya boti. Itavuta maji na kuweka omo ikitazama mawimbi. Boti ikikaa ubavu ndipo hujaa. Wote wakae chini katikati, mmoja afue maji, mmoja atengeneze.

6. Mtu akianguka. Mmoja amnyooshee kidole bila kuondoa macho. Nahodha akate usukani ili nyuma ya boti imkwepe, azunguke, amfikie akitazama upepo, na azime injini kabisa kabla ya kumvuta. Wengine wahamie upande wa pili.

Boti iwe imekaguliwa na kusajiliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na mtu wa nchi kavu ajue mnakokwenda na saa ya kurudi.

Maswali ya wanachama

Mkuu, dumu tupu la lita 20 si linatosha badala ya jaketi?
Linaelea sana, linaweza kubeba kama kilo 19. Shida ni kwamba halikugeuzi uso juu ukizimia, na mikono ikichoka linaponyoka. Beba kama nyongeza, lifungwe kamba ya kushikia.

Boti ikipinduka na milima inaonekana karibu, tuogelee?
Hapana, ndugu. Milima mirefu hudanganya umbali juu ya maji. Boti ya mbao hubaki ikielea hata ikijaa. Ishikeni, mkae pamoja, watoto katikati. Kundi huonekana mbali kuliko kichwa kimoja.

Simu inatosha kuomba msaada?
Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, namba za dharura 112 na 114 ziwe kichwani. Ila kuelekea Gombe mtandao hukatika, na simu inaweza kudaka mtandao wa nchi jirani. Beba filimbi na kioo.

Tukichelewa hadi giza je?
Washa taa nyeupe, punguza mwendo, kaa mbali na taa za wavuvi wa dagaa. Nyavu huzunguka pale chini ya taa. Propela ikinasa, zima, inua injini, kata kwa kisu. Usijaribu kuitoa kwa kurudi nyuma, utaikaza zaidi.