Loutro, Ugiriki: jinsi ya kufika na kutulia bila stresi

Ukiwa ushachoka na honi za matatu pale Mwembe Tayari na wataka pwani ya kukaa tu, angalia Loutro, kusini mwa kisiwa cha Krete. Gari haifiki kabisa, waenda na boti ama kwa miguu basi.

Viza kwanza. Pasipoti ya Kenya yataka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mwisho wa kupeleka ni siku 15 kabla ya safari lakini usingoje huko bana, anza miezi mitatu kabla, stetimenti ya benki na barua ya kazini zasumbua na sisi wa Mombasa bado kuna Nairobi ya kwenda.

Nenda Juni ama Septemba. Agosti achana nayo, tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria na Wagiriki wenyewe wamejaa mapwani, na baridi ikiingia sehemu nyingi zafungwa.

Ukifika Athens, panda ndege ya ndani mpaka Chania, mji ulio huko Krete, ama ukitaka kuokoa pesa ya hoteli chukua meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, walala humo humo asubuhi uko Krete. Kutoka Chania kuna basi la kwenda Chora Sfakion, kijiji cha pwani ya kusini, lakatiza milimani na kona za kule mwisho ni kali, kama watapika garini kaa mbele. Hapo sasa ndo boti, safari fupi tu. Lakini upepo ukichachamaa boti haziendi, kwa hivo usije ukapanga kutoka Loutro siku ile ile ya ndege yako, lala Chania usiku wa mwisho.

Bahari ya kule itakushangaza, maji hayapwi wala hayajai ya kuonekana, hakuna cha bamvua, waogelea saa yoyote. Ila ni mawe si mchanga, beba viatu vya maji. Tembea mpaka ufuo wa Glyka Nera ukatimbe changarawe kidogo karibu na maji, yatoka maji baridi matamu ya kunywa, na bahari ya chumvi iko hapo hapo miguuni!

Chakula, nguruwe wako kwa menyu sana, wa halali shika samaki, pweza na maharagwe. Samaki huuzwa kwa kilo, mwambie akupimie mbele yako kabla hajachomwa, bei ndo usishtuke. Mchana kuanzia saa tisa watu wapumzika, usipige muziki. Na magharibi ya Juni ni saa mbili na nusu usiku, wenye kuswali mjue.

Ah, na karatasi ya choo haitupwi chooni, mabomba yao ni membamba, kuna kindoo pembeni. Maji ya kujisafishia mara nyingi hamna, beba kopo lako.